Nusu ya Kabanga

Jumanne, 6 Machi 2012

Yai tena leo. Mbuyi kala nusu, nusu kaificha chini ya mto. Sista kaikuta alipobadilisha shuka, akaja juu. Chakula hakiwekwi kitandani, kinaleta wadudu, na damu ya mtoto huyu haina askari wa kupigana na wadudu. Najua. Nimeambiwa kila siku tangu tufike. Nikaomba radhi, nikalitupa. Mbuyi akanitazama kama nimemtupa mtu.

Ile nusu ilikuwa ya Kabanga. Nani atamweleza sista kwamba wanangu hawajawahi kumaliza kitu bila kukigawa? Hata ziwa walinyonya pamoja, huyu kushoto, huyu kulia. Kwetu Lubumbashi pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja, mpe na wa pili. Ukimchapa mmoja, wa pili naye anapata kakofi kadogo ka heshima. Anayetangulia kutoka ni Mbuyi, anayemfuata ni Kabanga. Sisi wazazi hatuulizwi, mapacha wanakuja na majina yao. Hata langu lilizama siku hiyohiyo. Naitwa Mwambuyi, mama wa Mbuyi na mwenzake. Mume wangu ni Shambuyi. Nimewafundisha tangu wanatambaa: kila kitu nusu.

Sasa mmoja yuko hapa hospitalini na bomba mkononi. Wa pili yuko kwenye fleti yetu Berea, hukohuko Durban. Sheria ya wodi inasema watoto hawaingii kutazama wagonjwa. Wana miaka mitano na walikuwa hawajawahi kulala vitanda tofauti.

Kiti hiki kinanivunja kiuno.


Ijumaa, 9 Machi

Shambuyi kaja moja kwa moja kutoka kazini, bado na kizibao chake cha manjano cha kulindia magari. Nikamwambia avue, asije akaanza kuwaelekeza wagonjwa pa kuegesha vitanda. Hakucheka. Zamani angecheka.

Anasema Kabanga anakula vizuri. Mwongo. Nilishapiga simu mwenyewe kwa Zuhura. Zuhura ni Mtanzania wa Tanga, anakaa chumba cha pili cha fleti yetu, na hajui kuficha jambo hata ukimlipa. Kasema: "Mama Mapacha, mwanao anakula nusu sahani. Nusu anaisukuma pembeni, anasema ya Mbuyi. Mie niifanyeje, niile?" Nikamwambia aile.

Nataka kwenda nyumbani. Nataka kulala katikati yao nipigwe mateke pande zote mbili. Ndicho ninachotaka, si kingine. Nimekiandika, labda kitaniacha.


Jumapili, 18 Machi

Baada ya ibada Shambuyi alimleta Kabanga mpaka chini ya dirisha letu, kwenye maegesho. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Tulipanga kwa simu. Yeye kamvalisha gauni la kitenge cha njano nililowashonea Krismasi, na mimi huku nikamvalisha Mbuyi la kwake. Zipu haikufunga. Zile dawa zimemvimbisha, mashavu yamekuwa maandazi. Nikaacha mgongo wazi. Dirishani mgongo hauonekani.

Mbuyi alipunga mikono yote miwili mpaka bomba likavutika. Kabanga alitazama juu muda mrefu, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua. Kisha akamuuliza baba yake jambo. Nikamwona Shambuyi anainama, anajifuta uso kwa kofia.

Jioni nikamng'ang'ania kwenye simu mpaka akaniambia. Kabanga aliuliza: "Ule mutoto munene ni nani? Mbuyi iko wapi?"

Sikumwambia Mbuyi. Yeye anasema Kabanga alimwona na alifurahi sana. Sawa. Alifurahi sana.


Jumatano, 11 Aprili

Tumerudi nyumbani. Daktari anasema ugonjwa, hiyo saratani ya damu, umelala, hauonekani tena. Ila aliyelala huamka, kwa hiyo dawa zinaendelea, nyingine kliniki, nyingine nyumbani, miaka si miezi. Nilisikia "nyumbani" tu. Mengine nitayasikia kesho.

Nilidhani watarukiana. Wapi! Walisimama kwenye korido wakitazamana kama watoto wa majirani waliogombana. Kabanga na misuko yake, Mbuyi na kichwa kitupu. Kabanga akakigusa kile kichwa kwa kidole. Akakigusa kwa kiganja kizima. Akaenda bafuni, akarudi na mashine ya baba yake ya kunyolea, akanipa.

Nikakataa. Misuko ile nilimsuka mwenyewe kabla ya hospitali, na Zuhura kaitunza kama yai. Nikampigia mama yangu Lubumbashi nikitegemea aniunge mkono. Kauliza: "Unangojea nini? Kile kimefika kwa Mbuyi, kifike na kwa Kabanga. Mapasa habatenganishwe."

Nikanyoa. Sakafu ikajaa misuko na wao wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote. Nilikuwa nimekisahau kicheko chao cha pamoja. Kina mwanya katikati, wanavuta pumzi wakati mmoja. Usiku huu wanalala kitanda kimoja na hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Natandika chini kando yao. Nina furaha.


Jumatatu, 7 Mei

Cherehani yangu inafanya kazi tena. Nina vitenge vya akina mama wa kanisani, wanataka vyote kwa harusi moja na kila mmoja anataka kuwa wa kwanza.

Nimekata na magauni ya wanangu. Zamani nilikuwa nakunja kitambaa mara mbili, napitisha mkasi mara moja, yanatoka magauni mawili. Leo imebidi nipime. Mabega ya Mbuyi yamepungua, tumbo limebaki. Nikakata moja. Kisha nikakata la pili. Mteja mmoja alikuwa amekaa ananisubiri, akauliza kwa nini nalia. Nikamwambia rangi ya kitambaa chake inaniwasha macho.

Dawa ya jioni ni kidonge. Naponda, nakoroga na juisi ya mapera kwenye kikombe cha plastiki. Mbuyi hanywi akitazamwa. Nimejaribu nyimbo, nimejaribu vitisho, vyote viliishia matapishi. Shambuyi ndiye aliyeng'amua: mpe kikombe, toka, rudisha mlango. Ukirudi kikombe kikavu. Kabanga anabaki naye kumtia moyo. Namsikia kupitia mlango: "Kunywa, Mbuyi. Mi niko nakungojea."

Namshukuru Mungu kwa huyu Kabanga. Mimi ningekuwa nimeshamwaga kikombe ukutani.


Alhamisi, 14 Juni

Kliniki. Nina hasira, mwandiko huu nitausoma mwenyewe kwa shida.

Daktari ni dada mdogo, Mhindi wa hapahapa Durban, mpole mno. Kasema damu ya Mbuyi haishuki inavyotakiwa. Mimi nilidhani damu kupanda ni sherehe. Akanieleza: dawa ikifanya kazi yake, askari weupe hupungua kiasi. Wa Mbuyi wamejaa. Kama dawa haiwapunguzi hao, basi labda haiuzuii na ule ugonjwa. Unaweza kuamka.

Kisha akauliza, neno moja moja, kama nampa mtoto dawa kila siku. Kama inabaki. Kama anaitapika. Kama kuna miti shamba tunampa.

Nilisimama. Nilimwambia mimi ni mama. Nilimwambia kwa Kiingereza changu chote, kilipoisha nikamalizia kwa Kifaransa. Sista wa mlangoni kasema, "Hhayi, Mama, please, kaa." Sikukaa. Yeye kaandika kwenye faili na hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Ndani ya teksi nililia mpaka kituo cha Warwick. Wanaotuona pale kliniki, sisi wageni na mabegi yetu, wanadhani hatujui saa wala kijiko. Mimi, nimpunguzie mtoto wangu dawa! Mimi ninayelamba kidole changu nikishaponda, kuhakikisha hakuna unga uliobaki kwenye kijiko. Nyumbani Mbuyi akauliza nani amenipiga.


Jumamosi, 30 Juni

Kama si mimi, ni nani? Swali limenikalia kichwani wiki mbili.

Jana nikamkuta Shambuyi na chupa ya maji ya maombi kutoka kwa mchungaji mmoja wa Sydenham. Nikaunganisha moja kwa moja. Nikasema ndiyo maana. Siku ninazochelewa kupeleka nguo, wewe unammwagia dawa na kumpa maji ya mtu wako. Alinitazama. "Mwambuyi. Mi naweza kumwaga dawa ya mutoto wangu? Mi?" Akaenda kazini bila kula. Hatujasemeshana tangu hapo.

Nimepekua. Chini ya godoro, nyuma ya kabati, kwenye sinki, kwenye ndoo ya takataka. Nimenusa vyungu vya maua vya Zuhura. Hakuna kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, najiambia, na sasa namtazama kila mtu kwa jicho baya, hata Zuhura wa watu, ambaye kosa lake ni kupika pilau nyingi.

Kabanga kalala tangu alipotoka kucheza mpaka magharibi. Mwalimu wake naye anasema analala darasani. Nimemjibu anamkosa mwenzake. Shule anakwenda peke yake, Mbuyi bado haruhusiwi, kwa ajili ya mafua ya watoto wengine. Kila siku Kabanga anamrudishia nusu biskuti mfukoni, imeshavunjikavunjika. Mbuyi anakula mpaka unga.


Jumatano, 18 Julai

Wamempandishia Mbuyi dawa. Ya kwanza haikutosha, wanasema, labda mwili wake unaimaliza haraka. Daktari bado mpole. Bado ananitazama kama mtu anayesubiri niseme kitu.

Kabanga ana vidonda mdomoni. Uji tu ndio unapita. Amekuwa mweupe kwenye kucha.

Nimempigia mama. Kasikiliza yote, kisha kasema: "Mumoja akiitwa, mwenzake anasikia." Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mama yangu simu tangu nizaliwe.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nione kama litapungua likiwa kwenye karatasi. Halipungui.


Jumatatu, 30 Julai

Homa. Si Mbuyi. Kabanga.

Mwili wa moto, midomo imepasuka. Nilimbeba mgongoni nikashuka naye ngazi zote. Shambuyi aliacha magari ya watu akatukuta hospitalini. Walimtoa damu. Tukasubiri. Daktari akaja na karatasi na hakunitazama machoni, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo. Damu ya Kabanga iko chini. Yote. Askari weupe, damu nyekundu, na zile chembe za kugandisha.

Mapacha wa yai moja, kasema. Mmoja akiupata, wa pili tunamchunga sana. Alhamisi watamchoma kwenye mfupa wa nyonga, watazame uboho. Mfupa uleule waliomchoma Mbuyi Februari. Nimeshaiona sindano hiyo. Nilidhani nimeshaiona mara ya mwisho.

Wamemlaza wodi ileile, chumba cha pembeni. Na Kabanga kafurahi! Homa yote ile, anauliza kitanda cha Mbuyi kilikuwa kipi. Hatimaye wamemruhusu kuingia.


Jumanne, 31 Julai

Nimemwambia Mungu achague mmoja. Dakika hiyohiyo nikamwambia nimefuta, usichague, sina hata mmoja wa kukupa.

Shambuyi amekaa upande wa pili wa kitanda cha Kabanga, Mbuyi tumemwachia Zuhura. Tumeanza kusemeshana tena. Hofu imekula hasira yote. Amenishika mguu, ndicho alichoweza kukifikia.

Mwaka jana nilikuwa nawafukuza chini ya cherehani kutwa nzima. Tokeni, mtachomwa sindano. Tokeni, mnanivutia uzi. Wakitoka wanarudi, mmoja kila upande wa mguu wa mashine, wanaokota vipande vya kitambaa na kugawana. Natamani wanivutie uzi. Natamani nishindwe kufanya kazi kwa sababu yao.


Jumatano, 1 Agosti

Naandika polepole. Nataka kila kitu kikae mahali pake.

Leo ilikuwa zamu ya Mbuyi ya sindano ya mgongo, ilipangwa tangu zamani. Baada ya hapo analazwa usiku mmoja, na sista wa leo ana roho nzuri, akamweka chumba kimoja na Kabanga. Vitanda viwili. Wakapanda kimoja.

Jioni sista akaponda kidonge cha Mbuyi, akakoroga kwenye juisi, akampa. Nikamwambia huyu hanywi akitazamwa, tutoke. Yeye akatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha pili nakunja nguo, nikabaki palepale. Hawakuniona.

Mbuyi akanywa. Akakomea katikati ya kikombe. Akainua kikombe kwenye mwanga, akakipima, akanywa kidogo tena ili iwe sawa. Kisha akampa Kabanga bila hata kumgeukia. Na Kabanga akapokea bila kutazama, kama mtu anayepokea kilicho chake. Mdomo wake una vidonda. Alikunja uso. Akafungua mdomo.

Nilipiga yowe. Kikombe kilianguka. Watu walikuja mbio, walidhani nimefiwa.

Hawakuwa wanajificha. Hilo ndilo linaloniua. Nilipowauliza walinishangaa. Tangu lini? Tangu Mbuyi arudi nyumbani. Kila siku? Kila siku, Mama. Mbuyi akasema: "Wewe njo ulisema. Kila kintu nusu." Na Kabanga, na midomo yake ile: "Iko machungu, Mama. Mbuyi hawezi kunywa machungu yote yeye moja."

Mwezi mzima nimepekua takataka, na dawa ilikuwa tumboni mwa mwanangu.

Daktari alikuja na koti nusu limevaliwa. Nikamweleza. Akaweka mkono mdomoni. Akakaa kitandani kwa watoto, akawashika miguu, mmoja huku, mmoja huku.


Alhamisi, 2 Agosti

Sindano ya uboho imeahirishwa. Daktari anasema dawa ile inaweza kabisa kuishusha damu ya mtoto mzima, hasa baada ya kupandishwa. Waisimamishe, waisubiri damu ipande yenyewe. Ikipanda, hana ugonjwa. Isipopanda, watachoma. Na Mbuyi amekuwa akitibiwa nusu kwa nusu tangu Aprili. Sasa atapata yote, na itajulikana kama ugonjwa ulitumia nafasi hiyo kuamka. Kila sentensi yake ina labda.

Hakusema "nilikuuliza". Ningekuwa mimi ningesema, tena mara mbili. Nilimwomba radhi kwa Kiingereza, nikaongeza kwa Kifaransa, maana nilimtukana kwa zote mbili. Akacheka kidogo.

Shambuyi naye nimemwomba radhi. Akasema, "Eish, Mwambuyi," akatoka akaenda kwenye ngazi. Nilimsikia anacheka, kisha nikasikia si kicheko.

Jioni nikakaa kitandani katikati yao. Nikawaambia: kitu hiki si cha wawili. Ni cha Mbuyi peke yake. Kabanga alikuwa anasubiri nimalize utani. Kikombe kikaja. Akanyoosha mkono. Nikaushika. Akauliza, "Nilikosa nini?" Na Mbuyi akafunga mdomo kwa nguvu, akageukia ukutani, hanywi peke yake, anaona aibu kunywa mbele ya mwenzake bila kumpa.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikambana. Nilimbana mashavu mwanangu mgonjwa mpaka akameza yote, na mwingine nyuma yangu ananipiga ngumi za mgongo, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kabanga alidhani namnyang'anya nusu yake ya ugonjwa ili nimwachie Mbuyi wote peke yake. Na ndivyo nilivyofanya.

Sitaki kuandika zaidi leo.


Jumanne, 14 Agosti

Nyumbani. Saa ya dawa Kabanga anakwenda chumbani kwa Zuhura. Siku za kwanza alibebwa. Sasa anakwenda kwa miguu, anatazama mbele. Mbuyi anakunywa huku ananitazama machoni. Hajali tena kutazamwa. Hatapiki.

Nyumba ina ukimya saa hiyo. Zuhura anafungulia redio.

Watapima damu Ijumaa ya wiki ijayo. Sishoni. Nikishona nakosea.


Ijumaa, 24 Agosti

Imepanda. Damu ya Kabanga imepanda yote, weupe, wekundu, zote. Hana kitu. Nimemwambia daktari arudie, akarudia. Nikamwambia aandike kwenye karatasi nimpelekee baba yake, akaandika. Hana kitu.

Na ya Mbuyi imeshuka, imekaa palepale wanapotaka. Wametazama na ugonjwa: bado umelala. Bado, kasema daktari, na safari hii hakusema labda.

Nilipiga vigelegele palepale kliniki. Sista wa mlangoni, yule wa "kaa", akajibu vya kwao vya Kizulu, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakapokea bila kujua ni vya nini. Shambuyi kanunua kuku mzima. Zuhura kapika. Tumekula mpaka tukanyamaza.

Nikampigia mama. Nikamweleza yote, kikombe, kugawana, na kwamba nimewakataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sasa banakuwa bantu babili."

Nikamwambia ndiyo, mama. Wawili, na wazima.


Jumapili, 9 Septemba

Asubuhi Mbuyi kala mkate wake mpaka mwisho. Kapangusa sahani kwa kidole. Kabanga naye kamaliza wa kwake. Hakuna aliyesukuma kitu kwa mwenzake.

Sikuwaambia hivyo. Niliwaambia dawa tu. Lakini mtoto haikati amri katikati kama kitambaa, anaibeba nzima.

Nilitaka kusema neno. Niseme nini? Gawaneni hiki, msigawane kile, na hiki ulizeni kwanza? Nimewakata mimi mwenyewe, sasa niwashone wapi? Nikaosha vyombo.

Ni wazima. Najikumbusha. Wanakua, nywele zinarudi, za Mbuyi laini zaidi. Nikiwa na mteja wanacheza kila mmoja kona yake. Nawakumbuka wale wawili wa zamani kama watu waliohama.


Jumamosi, 20 Oktoba

Kabanga kaalikwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa darasani kwao, kwenye nyumba moja huko juu kilimani. Kadi ilikuwa na jina moja. Mbuyi haendi kwenye umati, askari wake ni wachache wiki hii, ndivyo tulivyotaka wawe. Nilifikiri nimzuie na Kabanga. Shambuyi akasema hapana, aende, ana haki yake. Nikamvalisha, nikamfunga mkanda nyuma. Mbuyi alishika pini.

Mbuyi kakaa dirishani tangu Kabanga na baba yake walipoondoka. Sikumfukuza. Nilishona nikimtazama kisogo. Kila teksi iliyosimama pale chini alijiinua, kisha akakaa tena.

Walirudi jioni. Kabanga ana rangi ya keki kwenye kidevu. Mkononi kashika kile kifuko cha karatasi ambacho hapa kila mtoto hupewa na wenye sherehe, cha pipi za kwenda nazo nyumbani. Kilikuwa kimekunjamana, kitupu. Mbuyi alitazama kifuko. Akautazama mkono mwingine. Akamtazama baba yake, labda nusu yake kaibeba yeye.

Kabanga akasema, "Nilimaliza." Hakusema kwa ubaya. Ni mtoto aliyepewa pipi zake akala.

Nikaacha kukanyaga mashine. Nikasubiri kilio. Mbuyi akauliza tu, "Ilikuwa tamu?"

"Sana."

"Niambie."

Wakaingia chumbani, wakapanda kitandani na viatu, sikuwakemea. Nikasimama mlangoni. Kabanga akaanza na ile nyekundu ya kulamba, jinsi inavyoshika ulimi. Kisha chokoleti yenye karanga ndani. Kisha ile laini nyeupe inayoyeyuka yenyewe. Alisema polepole, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Mbuyi alikuwa amelala chali pembeni yake, amefumba macho, mdomo mtupu, anatafuna.